Tupeane uzoefu: sindano za kukausha mishipa ya miguuni

Mama Pacha, Nkuhungu
Wapendwa, jana Soko la Majengo dada muuza mchicha alipandisha kanga apanguse vumbi mguuni, nikaona mishipa ya buluu imejisokota nyuma ya goti. Moyo ulinipasuka, maana ile ilikuwa miguu yangu mimi baada ya kuzaa mapacha. Nimechomwa sindano hizo vikao vitatu. Kabla ya hapo, jioni mguu ulikuwa mzito kama nimefungwa gunia la mahindi. Sasa nasimama jikoni mpaka ugali unaiva, wala siutafuti ukuta wa kuegemea. Ila pale palipokuwa na mshipa mnene umebaki mstari wa kahawia, miezi minane sasa. Nani mwingine kachomwa? Mstari wako uliondoka?

Kinyozi wa Kizota
Wangu uliondoka, dada, baada ya mwaka hivi. Kazi ya kusimama inatumaliza.

Binti Kondoa
Mama Pacha umenikumbusha mbali. Mimi niliambiwa ni vimishipa vyembamba tu, dakika ishirini naondoka. Sindano ya kwanza na ya pili zilikuwa kama kung'atwa na siafu. Ya tatu, juu kidogo ya kifundo, iliwaka moto. Nikasema inaunguza, nikajibiwa nivumilie. Pakawa peupe kama chaki, ukubwa wa sarafu ya mia. Kesho yake pakawa rangi ya zabibu iliyoiva, siku ya nne lengelenge, wiki ya pili ngozi imekauka nyeusi kama ganda. Lilipobanduka likaacha shimo. Miezi mitatu nilikuwa napanda basi kuja Dodoma kusafisha kidonda, mguu nimeuweka juu ya begi, kila shimo la barabara nauma kanga. Harusi ya mdogo wangu niliiona kwenye simu. Kovu ninalo mpaka leo.

Zabibu Tamu
Jamani! Ilikuwa kliniki gani?

Binti Kondoa
Sitaji. Nataka watu wajue dalili tu.

Mzee wa Mpwapwa
Ndiyo maana nasema pakeni mshubiri na siki, achaneni na sindano. Mama yangu alipaka.

Kinyozi wa Kizota
Shikamoo mzee. Mshubiri unapoza ngozi, mshipa hauufungi. Watu wakikuamini wataacha hospitali.

Mzee wa Mpwapwa
Marahaba. Sijasema waache hospitali, kijana. Soma vizuri.

Zabibu Tamu
Binti Kondoa, lakini kwa nini ngozi ilioza?

Nesi Mstaafu
Wanangu, nieleze. Dawa, mara nyingi polidokanoli, inachubua ukuta wa ndani wa mshipa. Mshipa unajifunga, damu inapita mishipa mingine. Vyembamba vinafifia ndani ya wiki 3 hadi 6, minene hata miezi 3 au 4. Dawa ikivuja nje, au ikiingia kwenye kamshipa ka damu safi, ngozi inakosa damu na kufa. Ndiyo ule weupe wa chaki. Ikiwaka moto mwambie daktari atoe sindano hapo hapo, usivumilie! Mstari wa kahawia ni chuma cha damu iliyobaki chini ya ngozi. Wengi unafifia ndani ya miezi 6 hadi 12. Wengine huota vinyuzi vyekundu pembeni, navyo mara nyingi hupungua vyenyewe. Mjamzito asichomwe. Na shavu la mguu likivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla, kimbia hospitali usiku huo huo.

Mwalimu Ipagala
Mimi niliambiwa nilale miguu ukutani siku mbili.

Kinyozi wa Kizota
Mimi niliambiwa nitembee nusu saa palepale.

Nesi Mstaafu
Tembea. Kulala siku mbili hapana.

Zabibu Tamu
Na zile soksi za kubana? Kwa joto la Oktoba hapa mimi nilivua siku ya tatu.

Mama Pacha, Nkuhungu
Mimi nilivaa wiki mbili, nikivua usiku miguu ina alama za mpira mpaka gotini. Nikazibadili na sketi ndefu, jua lisipige ule mstari. Binti Kondoa, pole sana mdogo wangu. Yule dada wa mchicha nitarudi kwake Jumamosi. Nitamwambia aanze na ultrasaundi, maana mimi vali, kile kilango cha ndani ya mshipa, ilikuwa inavuja juu, pajani, na kikao cha kwanza hawakuangalia. Baada ya kikao hicho mishipa ikarudi yote.

Binti Kondoa
Asante dada. Mwambie na ule weupe wa chaki.