Dakika 40 kila mara, kwa ajili ya kulinda data tunayoifuta wenyewe

Wakuu, heshima kwenu. Ninaandika nikiwa ofisini Njiro, Arusha, na nina dukuduku.

Tunatumia PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata. Kila mmoja wetu anapowasilisha msimbo, seva ya majaribio huunda hifadhidata tupu, huijaza wateja wa uongo, huendesha majaribio yapatayo 2,000, kisha huifuta yote. Kazi hiyo inakula dakika 40. Chanzo si siri: kwa mipangilio ya kawaida, muamala hauhesabiwi kuwa umekamilika mpaka daftari la mabadiliko liandikwe kwenye diski yenyewe, na diski yetu ni ya zamani, ile inayozunguka. Jaribio linalomsajili mteja, kumtoza na kumrudishia fedha huingoja diski mara tatu, yote kwa heshima ya Bwana Fulani bin Fulani, ambaye sekunde chache baadaye hatakuwepo.

Juma lililopita nilibaki jioni, nikazima fsync, synchronous_commit na full_page_writes, yaani mipangilio mitatu ya PostgreSQL inayolinda data mtambo ukizimika ghafla, kwenye seva ya majaribio peke yake. Majaribio yaleyale yakaisha kwa dakika 7. Asubuhi mkuu wa kitengo aliyarudisha yote kama yalivyokuwa, akanikabidhi barua ya onyo kwamba nimehatarisha data za kampuni.

Data zipi? Ninajua vizuri kwamba umeme ukikatika wakati fsync imezimwa, hifadhidata inaweza kuharibika isifunguke tena, na hapa kwetu umeme kukatika si habari. Ndiyo maana seva ya wateja sikuigusa, na atakayeigusa kwa namna hiyo astahili barua mbili. Lakini hii ya majaribio ikiharibika, tutaifuta na kuiunda upya, jambo ambalo tayari tunalifanya mara kumi kwa siku bila kuandikiana barua.

Nilirudi na ombi dogo zaidi, yaani kuzima synchronous_commit tu, ambayo haiharibu hifadhidata hata umeme ukikatika, bali huweza kupoteza miamala michache ya mwisho. Nilijibiwa kwamba suala hilo limefungwa.

Leo nimeagizwa nitafute ankara kifani ya seva mpya, kwa kuwa iliyopo "imezidiwa". Kabla ya kuitafuta niliwasilisha marekebisho ya mstari mmoja, herufi iliyokosewa kwenye risiti. Ankara nimeshaipata. Majaribio yamefika 1,112.