Mipira ya RAV4 Pemba: H/T, A/T au M/T ya mtumba?

Mwana_wa_Wete
Assalaam aleykum wanajamvi. Nina RAV4 ya 2003, saizi 215/70R16, mipira yote minne imekwisha. Siku tano za wiki ni lami tu, Wete na Chake. Wikiendi shamba kwa wazee Mtambwe, kifusi halafu mlima wa kinamo ambao ukinyeshewa ni sabuni. Ukweni ni Micheweni, nako ni maweni matupu. Mara moja moja watoto wananing'ang'ania twende Vumawimbi, mchanga.
Nimepata mitatu ya kuchagua: Bridgestone Dueler H/T (ya lami) mpya, Yokohama Geolandar A/T (ya njia zote) mpya imezidi bei kidogo, na M/T (ya tope) za mtumba, meno bado makubwa, nusu ya bei. Nishike ipi?

MtotoWaKonde
M/T bwana! Tena chukua 225/75 gari inyanyuke, ipendeze.

Kipanga_Matemwe
Wa aleykum salaam. Usimsikilize huyo, anataka gari ya kupigia picha. Nimewahi kufunga M/T kwenye Prado. Kutoka mjini hadi Matemwe mngurumo mtindo mmoja, mgeni nyuma hasikii unachomwambia. Na kwenye lami yenye maji ilikuwa inateleza nikikanyaga breki, maana meno makubwa yameachana, mpira unaogusa chini ni mchache.
Mimi nakupa A/T, kwa sababu ya hayo maweni. Jiwe la maweni halitoboi katikati, linachana ubavuni. Katikati fundi anaziba unaondoka. Ubavu ukichanika, mpira huo umekufa.

Bi_Mwalimu_Mkoani
Naomba nipinge. Nilifunga A/T miaka miwili, nimerudi H/T na sijuti. Skuli yangu iko ndani, kilomita chache za kifusi, zilizobaki lami. A/T ilinila mafuta, na ilipofika nusu ya maisha ikaanza kuvuma. Kaka, hesabu saa unazokaa juu ya lami, usihesabu ule mlima mmoja. Na mvua ya Pemba wewe unaijua.

FundiMipira_Chake
Nimesubiri kwanza mmalize. Kipanga, maweni umeyasema sawa ila dawa yake siyo herufi A/T. Ubavu mnene unaupata kwenye mipira iliyoandikwa LT (ya magari madogo ya mizigo) mbele ya saizi, au kama BFGoodrich KO2 ambayo ubavu wake una tabaka tatu. A/T ya gari ndogo, kama hiyo Geolandar ya 215/70R16, ubavu wake haupishani sana na wa H/T. Inachokuzidia ni meno: marefu zaidi, yamekatwa kuuma kifusi, na mpira wake hauchunwi vipande ovyo na kokoto. Hiyo faida ni ya kweli, lakini ndiyo hiyo.
Usikimbilie LT sasa. Ni mizito, inataka upepo mwingi zaidi kubeba mzigo uleule, na RAV4 itakurusharusha mpaka uchukie safari.
Kinamo cha Mtambwe kisikudanganye. Kinajaza nafasi za meno, ukizunguka mara mbili A/T na H/T zote zimekuwa donati. M/T ndiyo inayojirushia tope, lakini utanunua mpira wa mwaka mzima kwa ajili ya siku chache za masika?
Na 225/75 kwenye gari hii mduara unaongezeka kama asilimia 5. Mshale ukisema 80 wewe uko 84, na ukikata kona huenda ukasugua.
Swali langu: mipira iliyomo sasa imeandikwaje ubavuni?

Mwana_wa_Wete
Nimetoka nje na tochi. Imeandikwa iceGuard, chini yake STUDLESS. Gari ilikuja nayo hivyo hivyo kutoka Japani.

FundiMipira_Chake
Basi ulikuwa unaendesha mipira ya theluji Pemba. Mpira wake umefanywa laini ili ushike kwenye baridi kali. Kwenye lami yetu saa saba mchana unalainika zaidi, unaisha mbio, na breki inakuwa ndefu. Wengi wananunua gari hawaangalii.

Bi_Mwalimu_Mkoani
Subhanallah. Kumbe ndiyo maana.

Kipanga_Matemwe
Fundi nimekubali la ubavu. Nitaongeza moja tu, la Vumawimbi: mchangani kinachokutoa ni upepo kuliko meno. Mimi nashusha hadi kama psi 18, mpira unatandazika, gari inaelea. Ila beba pampu ya kuchomeka garini, usirudi lami na upepo huo, utaua ubavu bila hata jiwe.

FundiMipira_Chake
Kweli. Sasa, Mwana wa Wete: kama wikiendi zako ni kila wiki, chukua A/T, saizi ileile, usipungue namba 100 ya mzigo, ambayo ni kilo 800 kwa kila mpira. Msimu wa karafuu najua unavyopakia. Kama shamba ni mara moja kwa mwezi, Bi Mwalimu ameshinda. Na minne yote iwe ya aina moja. Gari yako inavuta magurudumu manne; ukichanganya mipya na iliyochakaa, mbele na nyuma zinazunguka kwa kasi tofauti na mitambo ya katikati ndiyo inayolipa.

Mwana_wa_Wete
Ni kila wiki. Leo nimekwenda kwa muuzaji kwa ajili ya A/T. Namba nne za tarehe: mitatu 1124, mmoja 3818. Ameniambia "yote mipya, haijatembea".

FundiMipira_Chake
Ule wa nne umetoka kiwandani wiki ya 38 ya 2018. Kukaa stoo nako ni kuzeeka. Akubadilishie, asipotaka ondoka.

Mwana_wa_Wete
Amebadilisha, baada ya kununa. Nimefunga jana, nimepiga alaimenti. Mlima wa Mtambwe masika nitaliacha gari juu, nishuke kwa miguu kama alivyokuwa anafanya babu.

FundiMipira_Chake
Na ule wa akiba, wa mlango wa nyuma?

Mwana_wa_Wete
...STUDLESS.

FundiMipira_Chake
Huo ukufikishe kwa fundi tu, taratibu, siyo Wete hadi Chake.

MtotoWaKonde
Mimi bado nasema M/T.