Naomba ushauri: kongoni akisimama mshazari, mnalenga wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Niko Sikonge, Tabora. Kibali cha kuwinda ninacho, bunduki ni .375, na askari wa wanyamapori tutakuwa naye. Ninachotaka ni mnyama afe haraka, asiteseke.

Akisimama ubavu sina shida. Unafuata mguu wa mbele kwenda juu, theluthi moja ya kifua kutoka chini, hapo ndipo moyo na mapafu. Wanyama wa huku moyo wao uko mbele na chini kuliko wengi wanavyodhani, kwa hiyo kulenga nyuma sana ya bega ni kutafuta utumbo. Kongoni naye ana lile bega lililoinuka, linakudanganya ulenge juu. Akiwa mshazari amenipa mgongo, nalenga risasi itokee bega la upande wa pili.

Kazi ni pale anaponielekea mshazari. Shemeji yangu anasema piga tu, .375 haichagui mfupa. Mimi naona bora nimsubiri ageuke, hata kama atatokomea kwenye miombo. Nyie mnafanyaje? (Habari za kichwa na shingo tuziache, shabaha ni ndogo mno.)

La pili: damu nyepesi yenye povu ni mapafu, huyo hafiki mbali. Ikiwa nzito, nyeusi, au imechanganyika na majani ya tumboni, wazee wanasema usimfuate mpaka zipite saa kadhaa. Sasa jua linazama na fisi wanalia jirani, mnasubiri kweli?