Mrejesho: grili za bweni zimetolewa

Wazazi wenzangu, mrejesho. Niliuliza kama serikali inaweza kusaidia kurekebisha bweni la kijana wangu, shule ya umma hapa Kenya, madirisha yana grili na mlango unafungukia ndani wakati mwongozo wa usalama wa 2008 unakataza yote mawili. Uliyeniambia bodi ya shule ipeleke ombi NG-CDF (mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge), Mungu akubariki sana, pesa imetoka! Jana nimekuta fundi anakata grili ya mwisho cheche zinaruka, nikausukuma mlango mpya kwa kiganja ukafungukia nje, nikalia, manake tangu wale watoto 21 wafe kwenye moto wa bweni la shule ya Endarasha 2024 usingizi ulinipotea. Vitanda bado vimebanana mno, hiyo tunafuatilia.