Tupeane uzoefu: Siasa ilivyowatenganisha Wamarekani tunaoishi nao, na chanzo chake

Mtanga wa Columbus:
Ndugu zangu mlioko Marekani, habari za majukumu. Mtaani kwetu kuna majirani wawili ambao kwa miaka mingi waliazimana ngazi na mashine ya kukatia nyasi, na watoto wao wamekua pamoja. Wiki hii mmoja wao amejenga uzio, na alipoulizwa sababu alijibu kwamba hawezi kuendelea kutazamana na watu waliopiga kura namna ile. Jambo hilo limenikumbusha mengi, nami naomba kila mwenye kisa chake akieleze hapa. Naomba pia tuzungumzie chanzo, kwa sababu sikubaliani na wanaosema kwamba yote yaliletwa na mtu mmoja, Donald Trump, mwaka 2016. Nilipofika nchi hii, wazee niliofanya nao kazi walikuwa bado na uchungu wa uchaguzi wa mwaka 2000, ambao George W. Bush, Mrepublican, alishinda Florida kwa tofauti ya kura 537 baada ya Mahakama ya Juu kusimamisha kuhesabiwa upya kwa kura.

Mama Furaha:
Ni kweli kabisa. Hapa Louisville kuna familia zilizolihama kanisa letu mwaka 2020 kwa sababu ya barakoa tu, na mpaka leo hazijarudi.

Mwalimu Mstaafu:
Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Nimefundisha historia katika shule ya sekondari huku Texas, na somo lililowashangaza wanafunzi wangu kuliko yote lilikuwa kura za wabunge juu ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi. Ilitiwa saini na Lyndon Johnson, Mdemocrat wa Texas, lakini ukitazama uwiano wa kura bungeni, Warepublican waliiunga mkono zaidi, kwa kuwa Wademocrat wa Kusini waliipinga kwa nguvu zao zote. Siku zile kila chama kilikuwa na watu wa kila namna ndani yake. Mrepublican wa New York aliweza kupenda mabadiliko kuliko Mdemocrat wa Mississippi, na miswada mikubwa mingi ilipita kwa wabunge wa vyama viwili kushikana mikono. Baada ya sheria hiyo, na ile ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965, Wazungu wa Kusini walianza kuhamia chama cha Republican, kizazi baada ya kizazi, mpaka mwaka 1994 Warepublican wakiongozwa na Newt Gingrich walipotwaa Baraza la Wawakilishi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40. Leo ukijua chama cha mtu, mara nyingi unaweza kukisia rangi yake, namna anavyosali, na kama anaishi mjini au shamba. Kwa hiyo anayeshindwa uchaguzi huona kwamba kabila lake, dini yake na mji wake vimeshindwa vyote kwa usiku mmoja. Hicho ndicho kiini, na mengine yote ni vichocheo.

Dereva wa Nyanda:
Mwalimu, kwa heshima yako, umeiruka redio. Mimi naendesha lori kati ya Chicago na Denver, na ukiingia Nebraska usiku utasikia sauti zile zile kwa saa nyingi, zikikueleza kwamba nusu ya nchi inakuchukia wewe na watoto wako. Haikuwa hivi tangu zamani. Kuanzia mwaka 1949 kulikuwa na kanuni iliyovitaka vituo vya redio na televisheni vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana katika mambo yenye ubishi. Tume ya Mawasiliano iliifuta mwaka 1987, na mwaka uliofuata Rush Limbaugh, mtangazaji wa redio wa mrengo wa kulia, akaanza kusikika nchi nzima. Mwaka 1996 zikazaliwa televisheni za habari za kebo, Fox News na MSNBC. Nimewahi kuingia mkahawa wa madereva ambako televisheni mbili zilikuwa zimewashwa, kila moja na watazamaji wake, na pande hizo mbili hazikusalimiana.

Kijana wa Lowell:
Kaka Dereva, kanuni hiyo ilivihusu vituo vinavyotumia masafa ya hewani. Televisheni za kebo hazikuwa chini yake, na hata ingebaki zisingeguswa. Mimi naona madhara makubwa zaidi yametokana na kufa kwa magazeti ya miji midogo. Tangu mwaka 2005 nchi hii imepoteza zaidi ya theluthi moja ya magazeti yake. Mtu ambaye zamani alisoma habari za bomba la maji na daraja la kwao, mambo ambayo hayana chama, sasa anasoma habari za Washington peke yake.

Dereva wa Nyanda:
Kijana, sikusema kwamba kanuni iliizuia kebo. Nimesema redio ilitangulia kuyazoesha masikio, na kebo ikakuta shamba limekwisha kulimwa. Soma vizuri kabla ya kunisahihisha. Kuhusu magazeti tumekubaliana.

Mama Mtunzaji:
Mniwie radhi nikiandika kwa kirefu, kwa kuwa maneno ya mwanzisha mada yamenigusa mahali panapouma. Mimi ni Mkongo wa Fizi, niliyekuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao, kaskazini-mashariki mwa Ohio.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyefanya kazi katika viwanda tangu ujana wake. Alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi kama baba yake, na kama baba yake aliwapigia kura Wademocrat maisha yake yote. Kila asubuhi, nilipokuwa nikimvalisha soksi, alinisimulia jinsi viwanda vya chuma vya Youngstown vilivyoanza kufungwa mwaka 1977, jinsi mkataba wa biashara na Meksiko na Kanada ulivyoanza kutumika mwaka 1994, na jinsi kiwanda cha magari cha Lordstown kilivyosimamisha kazi mwaka 2019. Alisema mkataba ule ulijadiliwa na rais Mrepublican, ukatiwa saini ya kuwa sheria na rais Mdemocrat, na hakuna kati yao aliyewahi kuja kuuliza mji wake utakula nini. Mwaka 2016 alimpigia kura Trump. Mwanawe wa kiume alifurahi. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alilia mbele yangu jikoni.

Ugonjwa wa korona ulipoingia, binti alikuwa wodini akiwafunika waliokufa, na kaka yake akawa anamwambia kwa simu kwamba habari zile zimetiwa chumvi ili kumwangusha rais. Wakaacha kuzungumza. Kazi ya kuwapangia zamu ikawa yangu, wa kiume Jumamosi na wa kike Jumapili, ili wasikutane mlangoni kwa baba yao. Mzee alijua, ingawa hatukumwambia. Siku moja aliniuliza kwa nini wanawe wamegombana kwa ajili ya wanasiasa ambao hawawajui wao hata kwa majina. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo swali hilo sijalipatia jibu.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 alizidiwa. Siku ambayo wote wawili walilazimika kuwa chumbani kwa pamoja ilikuwa Januari 6, na televisheni ilikuwa ikionesha watu wakivunja madirisha ya Bunge. Binti akamwambia kaka yake, "Hao ndio watu wako." Kaka akajibu kwamba uchaguzi umeibwa na kwamba watu wana haki ya kukasirika. Wakapigiana kelele juu ya kitanda, mzee akiwa kati yao na mashine ya kumsaidia kupumua ikiendelea kulia. Nilizima televisheni. Niliwaambia kwamba mimi nimetoka katika vita, nimewaona ndugu wakizikana bila kusemezana, na kwamba baba yao bado anasikia. Binti akachukua koti lake akatoka. Mzee alifariki alfajiri, binti akiwa barabarani anarudi.

Kisha ukaja ugomvi wa jeneza. Kaka alitaka baba azikwe na kofia nyekundu ya mgombea wake. Dada alitaka beji ya chama cha wafanyakazi. Msimamizi wa mazishi aliitafuta karatasi ambayo mzee alikuwa ameiandika mwenyewe miaka mingi nyuma, nayo ilitaja beji. Kaka hakuingia ndani. Alisimama maegeshoni mpaka ibada ilipokwisha, kisha akawasha gari akaondoka.

Mama Furaha:
Pole sana, Mama. Machozi yamenitoka. Je, hao ndugu walipatana baadaye?

Mama Mtunzaji:
Hapana, mwanangu. Nyumba iliuzwa kupitia mawakili, kila mmoja na wakili wake.

Mtanga wa Columbus:
Mama, asante kwa kutuamini na kisa hiki. Mzee huyo amenionesha kitu ambacho Mwalimu na Dereva hawakukitaja, kwamba watu walikuwa wameachwa na vyama vyote viwili kabla ya kuanza kuchukiana.

Mwalimu Mstaafu:
Nakubali sehemu yake. Lakini Weusi wa miji hiyo hiyo walipoteza kazi katika viwanda hivyo hivyo, na wengi wao hawakuhamia upande ule. Njaa peke yake haielezi jambo hili.

Mkenya wa Dallas:
Nikisoma kisa cha Mama nakumbuka Eldoret, Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Sisi pia tulianza kwa kutosalimiana, na baadaye tukaanza kuitana majina ya wadudu.

Kijana wa Lowell:
Ndugu, hilo si sawa. Kule waliuawa watu zaidi ya 1,000 na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Kulinganisha huku kunawaumiza waliofiwa.

Mkenya wa Dallas:
Mimi ni miongoni mwa waliofiwa, kwa hiyo naomba usinifundishe maumivu. Sikulinganisha idadi ya maiti. Nimelinganisha lugha inayotangulia, na wanasiasa wanaoona faida yake. Atakayesubiri hesabu zilingane ndipo aseme, atakuwa amechelewa.

Kijana wa Lowell:
Pole kwa msiba wako, kaka. Hoja yako nimeielewa, ingawa bado naona taasisi za huku zina nguvu zaidi.

Bi Mwanaisha wa Seattle:
Mimi nitaeleza jambo la ndoa. Binti yangu alipoposwa na kijana wa hapa, nilijiandaa kuulizwa kuhusu Uislamu wetu. Wazazi wa kijana hawakuuliza hilo. Mama yake aliuliza tunampigia nani kura, na alipokwisha kusikia jibu akapumua kwa furaha. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwaka 1960 Wamarekani walipoulizwa kama wangechukizwa mtoto wao akioa au akiolewa na mtu wa chama kingine, waliokubali walikuwa takribani asilimia 5 ya Warepublican na asilimia 4 ya Wademocrat. Mwaka 2010 walikuwa karibu nusu ya Warepublican na theluthi ya Wademocrat. Nilishukuru kwamba tulikubaliwa, lakini sikulala vizuri, kwa sababu nilijiuliza ingekuwaje kama jibu langu lingekuwa jingine.

Fundi wa Des Moines:
Ushauri wangu ni kuzifuta programu zote za mitandao katika simu. Facebook walipoleta kitufe cha kupenda mwaka 2009, hasira ikawa na mizani ya kuipima, na kinachopimwa huongezeka.

Dereva wa Nyanda:
Ushauri wangu ni kwamba nyumbani kwa mtu, hasa Siku ya Shukrani, ule bata mzinga wako, usifie upishi, na usitaje jina la rais yeyote aliye hai.

Mkimbizi wa Maine:
Siwezi kukubaliana na wanaotushauri kunyamaza. Mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, na mdogo wangu bado yuko kambini na watoto wake. Jirani yangu mzungu, mwema kabisa, anayenisaidia kuondoa theluji, aliunga mkono uamuzi huo. Nilimketisha nikamwonesha picha za watoto hao, nikawataja mmoja mmoja kwa majina. Hakubadilisha kura yake, lakini sasa anauliza habari zao kila tunapokutana. Kama ningenyamaza ili tuishi kwa amani, watoto wale wangebaki kuwa tarakimu katika habari za jioni.

Bi Mwanaisha wa Seattle:
Umefanya vyema, ndugu yangu. Ila si kila jirani atakubali kuketi.

Mwalimu Mstaafu:
Naomba niongeze jambo ambalo tuliochukua uraia tunaweza kulifanyia kazi. Majimbo mengi ya uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi yamechorwa na wanasiasa ili chama kimoja kisishindwe humo, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema mahakama za serikali kuu hazina mamlaka ya kuzuia uchoraji huo wa kichama. Basi mbunge wa jimbo kama hilo haogopi uchaguzi mkuu. Anaogopa uchaguzi wa mchujo ndani ya chama chake, ambao wapiga kura wake ni wachache na wengi wao ni wale wenye hasira zaidi. Akishirikiana na mpinzani, atanyang'anywa kiti na mtu mkali kuliko yeye. Sisi tunasubiri uchaguzi mkuu wa Novemba, wakati mambo yamekwisha kuamuliwa miezi kadhaa nyuma. Nendeni kwenye mchujo.

Mkenya wa Dallas:
Huku Texas ni rahisi, kwa kuwa hatujisajili kwa chama. Siku ya mchujo unachagua karatasi ya chama unachotaka.

Mama Furaha:
Na sisi wa Kentucky, Mwalimu?

Mwalimu Mstaafu:
Kentucky mchujo ni wa waliosajiliwa katika chama husika tu. Anayetaka kubadilisha chama ni lazima afanye hivyo kufikia Desemba 31 ya mwaka unaoutangulia mwaka wa mchujo, la sivyo hataruhusiwa katika mchujo wa chama alichohamia.

Mama Furaha:
Ahsante sana, Mwalimu. Jumatatu tutakwenda mimi na mume wangu kwa karani wa kaunti. Yeye amesajiliwa chama kimoja na mimi kingine, na kila mmoja amekataa kuhama, kwa hiyo tutahakikisha tu kwamba majina yetu yote mawili yamo.