Besi inakatika sauti katikati ya onyesho

Swali: Habari zenu, wanamuziki wenzangu. Mimi hupiga gitaa la besi katika bendi ya ridhaa, na kinachonisumbua ni sauti kukwaruza au kukatika kabisa pale ninapogeuka kumtazama mpiga ngoma. Nikiwa nimekaa nyumbani, gitaa hilohilo halina shida. Nianzie wapi: waya, gitaa au amplifaya?

Jibu la 1: Anza na waya, maana ndio unaokanyagwa na kuvutwa usiku kucha. Jaribu mwingine ulio mzima. Kelele zikiendelea, tikisa plagi polepole mahali inapoingia kwenye gitaa. Ukiona tundu linacheza, kaza nati yake, ila ulishikilie tundu lenyewe kwa ndani, kwa sababu likizunguka huzisokota nyaya nyembamba hadi zikaachia kwenye lehemu. Halafu pitisha waya katikati ya mkanda na mwili wa gitaa kabla ya kuuchomeka, ili mtu akiukanyaga, mkanda ndio uvutwe.

Jibu la 2: Nakubaliana na mwenzangu. Kama besi yako inatumia betri ya volti 9, iangalie pia, kwani kwa kawaida plagi ndiyo swichi yake, na waya ukiachwa umechomekwa betri huisha hata kama hupigi. Betri iliyochoka huifanya sauti ikwaruze, hasa unapopiga nyuzi kwa nguvu.

Muulizaji: Nawashukuru sana. Tundu linacheza kweli. Nitafungua bamba nikague lehemu kabla ya kukaza nati.