Kazi kwenye kampuni ya bustani Kampala ikoje?

Mgeni_Kira: Habari zenu wakubwa. Nimeitwa kuanza kazi Jumatatu kwenye kampuni inayotengeneza na kutunza bustani za majumba na ofisi, Kampala na Entebbe. Nitaanza kama kibarua wa saiti. Kulima najua, lakini nyasi za kompaundi sijawahi kuzishughulikia. Nitakutana na nini, na kwenye malipo niulize nini?

Fundi_Nyasi: Karibu, mdogo wangu. Jiandae kubeba udongo. Viwanja vingi vya vilimani huku, katapila huwa limeshakwangua udongo wa juu, ikabaki murram, yaani udongo mwekundu wa changarawe, iliyoshindiliwa, imechanganyika na saruji na vipande vya matofali. Ukipanda nyasi juu yake zinanawiri kwa maji ya kumwagilia, kisha zinageuka njano kwa sababu mizizi haina pa kuingia. Kwa hiyo mtatifua sentimita 15, mtaokota mawe, ndipo udongo mweusi uletwe. Eneo la mita 10 kwa 10 kwa unene wa sentimita 10 linakula mita za ujazo 10, na zote zinapita kwenye toroli.

Lumbugu, gugu la jamii ya nyasi linalotambaa kwa mizizi, ndiyo adui. Ukiikatakata kwa jembe unaizidisha, maana kila kipande cha mzizi chenye kifundo kinachipua. Ing'oe yote kwa uma wa bustani, au ipigwe glyphosate, dawa ya kuua magugu, ikiwa na majani mabichi, msubiri siku 10 hadi 14 ndipo mlime. Wasimamizi wenye haraka hulima kabla dawa haijafika mizizini. Baadaye lumbugu inachomoza katikati ya paspalum, yaani nyasi za bustani mlizopanda, na kuitoa hapo ni kwa mkono, mzizi mmoja mmoja.

Kabla ya kupanda, funga kamba. Kila mita moja kutoka ukutani udongo ushuke sentimita 2 hivi, la sivyo mvua za Machi hadi Mei zitatuama kwenye msingi. Vipando, yaani vipande vya nyasi vya kupanda, vikae sentimita 15 kutoka kimoja hadi kingine, vifundo viwili vifukiwe, majani yabaki nje. Nyasi za mikeka zilazwe siku ileile zilipokatwa, kwa sababu zikilala zimerundikwa zinapata joto na kuoza. Viungo vyake vipishane kama matofali ya ukuta, kisha zikanyagwe kwa ubao zishike udongo. Samadi ya kuku ambayo haijaoza usiikubali, inaunguza mizizi.

Mashine_Wakiso: Amesema vema. Mimi naongeza mashine ya kufyeka, kwa sababu ndiyo inayoumiza watu na ndiyo kampuni hukudai ikiharibika. Uliza kwanza ni ya aina gani. Ya stroku mbili inataka petroli iliyochanganywa na oili ya 2T, ile maalumu ya injini za stroku mbili: kitabu kikisema 50 kwa 1, weka mililita 20 kwa lita, kikisema 25 kwa 1, weka 40. Petroli tupu inakausha silinda, pistoni inajikwaruza na kukwama. Ya stroku nne ina oili yake chini, haichanganyiwi. Fungua kichujio cha hewa kila jioni, vumbi letu jekundu linakiziba upesi. Mafuta yaongezwe mashine ikiwa imepoa.

Vaa miwani ya kinga na gambuti hata kama wenzako hawavai. Mtu yeyote akae mita 15 mbali, na magari yahamishwe, jiwe dogo linapasua kioo. Uzi wa nailoni wa mashine, ule unaokata, usiguse shina la mti mchanga: gome likimenywa kuzunguka shina, mti unakufa. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mara moja. Wenye nyumba hupenda ikatwe hadi chini ili mkawie kurudi. Waelezeni kwa upole kwamba kiangazi cha Desemba hadi Februari kitaacha vipara, na magugu yataingia humo.

Dada_Hesabu: Kwenye malipo uliza mambo haya. Siku ya mvua inalipwa? Nani ananunua gambuti na glavu? Usafiri wa kwenda saiti ya Entebbe ni wa nani? NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi: mwajiri anachangia asilimia 10, wewe unakatwa 5. Kwa mshahara wa shilingi 300,000, yako ni 15,000 na yake ni 30,000, na hiyo 30,000 haitoki mfukoni mwako. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, hata kampuni ndogo inawajibika. Ukibarua nao una mwisho: ukipita miezi minne mfululizo una haki ya mkataba wa maandishi. Andika tarehe uliyoanza.

Mgeni_Kira: Asanteni sana. Wamesema nitapiga dawa pia. Nianzie wapi?

Fundi_Nyasi: Anza kwa kuuliza ndani ya bomba la kupigia dawa kulikuwa na nini jana. Glyphosate inaua nyasi na maua bila kuchagua. 2,4-D inaua magugu ya majani mapana na kuziacha nyasi, lakini upepo ukiipeleka kwenye waridi, yanajikunja. Bomba la dawa za magugu liwe na alama yake, lisitumike kupigia wadudu. Kipimo kifuate lebo. Piga asubuhi kabla upepo haujaanza, nozeli ikiwa karibu na ardhi, na mvua ikinukia, ahirisha.